Si kila "kama" ni tashbihi

Kila muhula hapa Kisumu nasahihisha karatasi za fasihi, na kila muhula nakutana na makosa yaleyale. Wanaoyafanya si wavivu. Walipewa njia ya mkato, wakaiamini.

Dhana: Ukiona "kama", hiyo ni tashbihi, yaani mfananisho wa kitu na kingine.

Ukweli: Neno hilo lina kazi nyingi. "Kama mvua itanyesha, hatuendi Kibuye" ni sharti. "Walikuja watu kama ishirini" ni makadirio. "Samaki kama ngege na mbuta" ni mifano tu. Jaribu kuweka "mithili ya" mahali pake. Sentensi ikivunjika, hapana tashbihi. Hata hivyo, jaribio hilo peke yake halitoshi. "Otieno ni mrefu mithili ya kakake" inasimama vizuri, ila ni mtu kwa mtu, urefu kwa urefu, na hakuna picha iliyochorwa. Tashbihi hukutanisha vitu vya jamii mbili: "Abiria walisongamana kwenye matatu kama omena guniani." Je, umemwona yule wa nyuma kabisa, shavu limebanwa kwenye kioo? Sasa ondoa "kama", useme abiria walikuwa omena: umeingia kwenye sitiari.

Dhana: Kinaya na kejeli ni kitu kimoja.

Hii ndiyo inayonichosha zaidi. Kinaya ni mambo kwenda kinyume na matarajio: mtu analala akisikia mawimbi ya Ziwa Victoria, asubuhi ananunua maji kwa mtungi. Hapo hakuna anayechekwa. Kejeli, kwa upande wake, sharti iwe na mlengwa. Utingo amechelewa, dereva anamwambia, "Leo umewahi sana, mkubwa." Hapo vyote viwili vimepanda gari moja, maana maneno yanasema kinyume, tena yanauma. Nadhani mkanganyiko huanzia kwenye mifano ya aina hii.

Dhana: Pasipo vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa mistari, hapana shairi.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hilihili, alichapisha diwani yake, Kichomi, mwaka 1974. Ni mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani (hesabu ya silabi katika kila mstari), na mabishano yaliwaka. Siku hizi shairi huru linatahiniwa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya.

Dhana: "Mimi" katika shairi ni mshairi mwenyewe.

Huyo ni nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi. Mwanamume anaweza kutunga kwa sauti ya mama mjamzito, na hakuna atakayemuuliza anajifungua lini.