Raga na mataifa madogo: yasemwayo Mkunguni na yalivyo kweli

Hapa Mkunguni, Lamu, ukisema mpira umesema kandanda. Raga huzungumzwa Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, wakishinda, na tena Shujaa wakifungwa, basi. Lakini Kombe la Dunia la raga likiwadia, baraza zima huwa makocha. Nimeyasikia maneno yale yale tangu 2015, kahawa tungu mkononi, na mengi hayana miguu.

"Nchi ya watu wachache haifiki popote."

Hili hulisema ami mmoja ninayemheshimu sana, kwa hiyo nimjibu kwa hesabu ya nyumbani. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 140,000 katika Kaunti ya Lamu. Tonga nzima ina watu kama 100,000. Yaani sisi, kuanzia Kiunga mpaka Mpeketoni, tu wengi kuliko taifa lile. Mwaka 2011, mjini Wellington, Tonga waliichapa Ufaransa 19-14 katika Kombe la Dunia, na Ufaransa hiyo hiyo ikafika fainali, ikashindwa na New Zealand 8-7. Fiji nao hawafiki milioni moja, lakini dhahabu ya Olimpiki ya raga ya wachezaji saba wameichukua Rio na Tokyo, na Paris 2024 wakarudi na fedha. New Zealand wenyewe, wanaotisha dunia, ni kama milioni tano tu. Sasa tujitazame: Kenya ilihesabiwa watu milioni 47 na ushei, na Kombe la Dunia la wachezaji 15 hatujalicheza hata mara moja. Kwenye raga, udogo wa taifa unapimwa kwa mfuko na kwa idadi ya mechi ngumu, na hapo ndipo sisi tulio wengi tunapokuwa wadogo.

"Wakishinda, ni bahati."

Mwaka 1995 Japani walifungwa na New Zealand 145-17. Miaka 20 baadaye, Brighton, mechi inakwisha, wako nyuma ya Afrika Kusini kwa alama tatu, wakapata penalti. Wangeupiga mpira upite kati ya milingoti, wangeondoka na sare ya kusimuliwa wajukuu. Wakakataa. Wakachagua skramu, ule msukumano wa kugombea mpira, na Karne Hesketh akaweka trai, yaani akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, pembeni kabisa: 34-32. Mtu wa bahati hatupi sare iliyo mkononi. Mwaka 2019 wakazifunga Ireland na Scotland, wakaongoza kundi lao na kuingia robo fainali.

Na mdogo naye ana mdogo wake. Mwaka 2023 Fiji waliifunga Australia 22-15, kisha wakafungwa na Ureno 24-23, ushindi wa kwanza wa Ureno katika Kombe la Dunia. Siku ile baraza lilinyamaza, maana hakuna aliyekuwa na nadharia.

"Kuwaongezea wadogo nafasi Kombe la Dunia ni kuwapeleka kuchinjwa."

Hapa nakiri, si uongo wote. Namibia walifungwa na Australia 142-0 mwaka 2003, na Ufaransa 96-0 mwaka 2023. Lakini mwaka huo huo wa 2023 New Zealand waliifunga Italia 96-17, na Italia wako katika Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya wakubwa wa Ulaya, tangu 2000. Mbona hakuna aliyesema Italia wasialikwe?

Muulize nahodha yeyote wa hapa: mashua ya mashindano haiwi nyepesi kwa kufungwa nanga ikisubiri siku ya mashindano. Argentina walishika nafasi ya tatu Kombe la Dunia la 2007, na mpaka 2012 ndipo walipoingizwa katika mashindano ya kila mwaka na New Zealand, Afrika Kusini na Australia. Georgia waliifunga Wales 13-12, Cardiff kwenyewe, mwaka 2022, lakini mlango wa Mataifa Sita haujafunguliwa, kwa sababu hakuna anayeshuka daraja huko. Hata mashindano mapya ya timu 12 yaliyopangwa kuanza 2026 yamewachukua Fiji na Japani na kuwaacha Georgia nje. Ukinilazimisha nitaje kizuizi kimoja, nitakitaja hicho: ratiba. Kombe la 2027, huko Australia, lina timu 24 badala ya 20, na Zimbabwe, ambao mara ya mwisho walicheza 1991, wamepata tiketi kwa kuifunga Namibia 30-28 mjini Kampala mwaka 2025.

"Wakubwa huwaiba wachezaji."

Huwachukua, ndiyo, ila wengi wa vijana wenye asili ya Samoa na Tonga wamezaliwa Auckland au Sydney, kwa hiyo mwizi ni nani inategemea unahesabu tangu babu au tangu hospitali. Tena tangu 2022 sheria inamruhusu mchezaji kuhama mara moja, akishakaa miaka mitatu bila kuchezea taifa, kwenda alikozaliwa yeye, mzazi, au babu na bibi. Ndivyo Malakai Fekitoa, aliyekuwa All Black, yaani mchezaji wa timu ya taifa ya New Zealand, alivyoichezea Tonga. Kinachoniuma mimi ni kwamba All Blacks walikwenda kucheza Apia, mji mkuu wa Samoa, kwa mara ya kwanza mwaka 2015, baada ya Wasamoa kuijaza jezi ile nyeusi miaka na miaka.

"Sisi tumeumbiwa wachezaji saba."

Singapore 2016 tuliwafunga Fiji 30-7 kwenye fainali, na bado natabasamu. Lakini timu ya saba ni watu wachache na kila kipindi dakika saba, ni nafuu. Ya 15 inataka majitu ya skramu, benchi refu na safari nyingi. Mwaka 2018, Marseille, Kenya iligombea nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia, ikafungwa na Canada, Ujerumani na Hong Kong.

Nilipomweleza ami kwamba Fiji hufanya mazoezi kwenye vilima vya mchanga vya Sigatoka, alitazama upande wa Shela.

"Mchanga tunao," akasema. "Huo mpira wenyewe unauzwa wapi?"