Kromiamu: maji kugeuka njano si dalili ya usalama

Wapenda kemia ya nyumbani wamerithishana imani moja: ukitia magadi kwenye maji ya rangi ya chungwa ya potasiamu dikromati, chumvi yenye metali ya kromiamu, yakageuka njano, sumu imepoozwa. Haijapoozwa hata chembe. Dikromati imekuwa kromati tu, na zote mbili zimebeba kromiamu ileile ya hali ya sita, yaani iliyopungukiwa elektroni sita, inayounguza ngozi na kuleta saratani ya mapafu ikivutwa kama vumbi. Tia asidi kidogo, uone rangi ya chungwa inavyorudi.

Rangi ya kutazamia ni kijani. Hutokea pale kitu kingine kinapoipa kromiamu elektroni na kuishusha hadi hali ya tatu, ambayo sumu yake ni ndogo kwa mbali. Vipimo vya zamani vya ulevi barabarani vilitegemea hilohilo: pombe katika pumzi ya dereva iliigeuza dikromati yenye asidi kuwa kijani. Maabara hutumia vitamini C au sodiamu metabisulfaiti katika maji yenye asidi. Hii ya pili hutoa gesi inayokaba koo. Kisha huongezwa magadi mpaka mashapo ya kijani-kijivu yatuame.

Glavu za nitrili ni lazima tangu mwanzo, na unga mkavu usisagwe. Binafsi sioni sababu ya kuiweka dikromati nyumbani.

Mashapo nayo hayamwagwi kwenye sinki, hukabidhiwa wanaoshughulikia taka za kemikali: yakikutana na jiki, kromiamu yaweza kurudi hali ya sita.