Kifundo kilichoteguka miezi iliyopita: kwa nini bado kinauma

Imeandaliwa na mtaalamu wa fiziotherapia, Idara ya Utengamao

Miezi minne imepita tangu uteguke. Uvimbe mkubwa umekwisha, eksirei ilionyesha mfupa uko salama, na watu nyumbani wameshaacha kukuuliza hali. Lakini ukishuka kwenye daladala unatanguliza mguu ule mwingine, jioni kifundo kinajaa kidogo, na ukichuchumaa chooni kisigino kinagoma kukaa chini. Wagonjwa wa namna hii tunawapokea sana, na wengi huja na lalamiko moja: "Niliambiwa nipumzishe mguu, nikapumzisha. Mbona hauponi?"

Kupumzisha mguu kuna kazi yake siku chache za mwanzo, wakati umevimba na haukanyagiki. Baada ya hapo, kuendelea kuulinda ndiko mara nyingi kunakorefusha maumivu.

Kwa kawaida mguu hupinda kwa ndani, na zinazoumia ni kano tatu za upande wa nje zinazofunga mfupa mwembamba wa muundi na mifupa iliyo chini yake. Ile ya mbele ndiyo hutangulia kuchanika. Ndani ya kano hizo mna miisho ya neva inayoujulisha ubongo jinsi mguu ulivyokaa, hata unapotembea gizani. Kano ikichanika, taarifa hizo huvurugika, na misuli ya pembeni ambayo ingeuwahi mguu kabla haujapinda huanza kuchelewa. Ongeza wiki kadhaa za kuchechemea, nayo hunyauka. Kano yenyewe huunga kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki 6 hadi 12, ingawa kukomaa kwake huweza kuchukua hata mwaka. Nguvu na mizani ya mguu hazirudi kwa kulala. Zipo tafiti zilizokuta kwamba hadi asilimia 40 ya walioteguka hubaki na maumivu au mguu unaoachia ghafla, kwa hiyo usidhani uko peke yako, wala usikubali kuambiwa unajidekeza.

Eksirei nayo isieleweke vibaya. Inaonyesha mifupa, haionyeshi kano. "Hakuna kilichovunjika" si sawa na "hakuna kilichoumia".

Kuhusu kukanda na kuchua: siku za mwanzo, maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu huongeza uvimbe. Miezi ikishapita, kukandwa taratibu kunatuliza, na sina ugomvi nako. Ninachokipinga ni kule kuuvuta mguu mpaka ulie "ta" ili mfupa urudi mahali pake. Kwa aliyeteguka tu, mfupa haukuwa umetoka.

Jipime hivi nyumbani. Simama ukiutazama ukuta, kisigino kikiwa chini, kunja goti mpaka liguse ukuta. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo hadi mahali ambapo goti bado linagusa bila kisigino kuinuka, kisha pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Rudia kwa mguu usioumia. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi inaonyesha kifundo kimekaza, na ndiyo sababu kuchuchumaa na kushuka ngazi kunakutesa. Kipimo hicho hicho ndicho zoezi la kukilegeza: goti ukutani, mara 10 hadi 15, asubuhi na jioni.

Kisha rudisha nguvu. Kata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ufunge kwenye mguu wa meza, upitishe juu ya unyayo na uusukume mguu kwa nje polepole. Inua visigino ukiwa umeshika kiti, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye kwa ule ulioumia peke yake. Lakini nikiambiwa nichague zoezi moja tu, nitachagua kusimama kwa mguu mmoja. Anza na sekunde 30 ukiwa unapiga mswaki, karibu na ukuta. Ukizoea, fumba macho. Ukizoea tena, simama juu ya mto. Mazoezi ya mizani hupunguza uwezekano wa kuteguka tena, na kuteguka tena ndiko kunakoharibu kifundo zaidi.

Yatauma kidogo. Maumivu ya 3 au 4 kati ya 10 yanayotulia kabla ya kesho yake yanakubalika. Yakilala nawe hadi kesho, punguza, usiache. Jipe wiki 6 hadi 12. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki visigeuke chakula cha kila siku, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, presha au tatizo la figo.

Wapo ambao hawapaswi kuanza mazoezi kabla ya kuchunguzwa upya: anayeshindwa kukanyaga hatua 4, anayesikia kifundo kikikwama au kukata ndani, mwenye maumivu makali juu ya kifundo, kati ya mifupa miwili ya muundi, na ambaye mguu unaungua, unabadilika rangi na hautaki hata kuguswa na shuka. Mpasuko mdogo wa mfupa usiogunduliwa, gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) iliyojeruhiwa au neva iliyosumbuliwa huweza kujificha nyuma ya jina la "kuteguka". Shavu la mguu likivimba na kuuma, hasa baada ya kufungwa hogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani damu inaweza kuwa imeganda.

Wachezaji huniuliza lini warudi uwanjani. Ukiweza kuruka kwa mguu ulioumia, kukata kona na kusimama ghafla bila kusita, anza na mazoezi ya timu kabla ya mechi, ukivaa kishikizo cha kifundo kwa miezi ya mwanzo. Upasuaji wa kukaza kano upo, lakini huzungumziwa pale mguu unapoendelea kuachia baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kweli, na anayefanyiwa hurudishwa kwenye mazoezi haya haya.