Wageni wa Julai, mvua ya Desemba

Karibu kila kundi la kujitolea kutoka Ulaya au Marekani linalotaka kukaa kijijini Tanzania huomba Julai. Ndiyo likizo yao. Kwa kanda ya kati, kwa mfano vijiji vya Dodoma, mwezi huo si mbaya: mtama na uwele vimeshavunwa, watu wana nafasi, barabara zinapitika. Tatizo ni kwamba kazi inayoombwa mara nyingi na shule za huko ni tangi la kuvuna maji ya mvua, na mvua huanza Desemba. Kwa hiyo mgeni hujenga kitu ambacho hatakiona kikifanya kazi. Mtoto wa darasa la saba aliyembebea mgeni tofali atafanya mtihani wake Septemba na kuondoka shuleni kabla tone la kwanza halijaingia.

Sisi tunaoratibu safari hizi hesabu hii tunaiweka mezani kabla ya tiketi kukatwa. Bati la darasa lenye mita 8 kwa 20 ni mita za mraba 160. Mahali panapopata milimita 550 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 kwa maji yanayoruka na kupotea, unapata lita 70,400. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 3.6 na kimo cha mita 2 hubeba kama lita 20,000. Wanafunzi 400 wakinywa lita moja kila mmoja, tangi lililojaa linakauka baada ya siku 50 za masomo, yaani wiki 10. Paa linaweza kujaza matangi matatu. Michango ya kundi moja mara nyingi inatosha moja.

Hapo ndipo kijiji kinapoamua, na wageni wanasikiliza. Koki ifunguliwe Mei, wakati visima bado vina maji, au ifungwe kwa kufuli mpaka katikati ya Septemba, wakati foleni kisimani imekuwa ya nusu siku? Kila niliposikia hoja hii ikijadiliwa kwa uwazi, wanaochota maji ndio waliokuwa na jibu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pake. Kikao cha mwenyekiti, mtendaji na mwalimu mkuu peke yao hakitoshi, maana ufunguo wa ile kufuli utashikwa na mtu, na mtu huyo lazima awe amekubaliwa na watu.

Fedha ziingie akaunti ya shule au ya kijiji, zisiingie mfukoni mwa mratibu. Shule nyingi tayari zinajua utaratibu wa kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Tumieni hizo hizo. Mgeni anayenunua saruji mwenyewe mjini ili "kuokoa muda" anaiua kamati ya mapokezi, na mifuko ikija imeganda hakuna wa kuulizwa. Kijiji kinatoa mchanga, mawe na nguvukazi; viandikwe kwa bei ya soko kwenye bajeti, ili mchango wa kila upande uonekane.

Sasa kazi yenyewe. Kusomba tofali, kuchekecha mchanga, kukata na kufunga waya, kupanga mawe ya msingi: hayo mgeni anayaweza chini ya fundi. Lipu ya ndani asiiguse. Ni saruji moja kwa mchanga tatu, na ukuta wote unapaswa kumalizwa siku moja, kisha upigwe niru, yaani uji wa saruji. Ukiacha nusu mpaka kesho kwa sababu wageni wamechoka au wana ziara ya mbuga, pale lipu ya jana inapokutana na ya leo ndipo tangi litakapovuja, na ufa huo hauzibiki kwa kiraka. Kundi la wiki mbili lipangiwe msingi na ukuta, na lipu aifanye fundi na wasaidizi wake.

Baada ya lipu kuna jambo linalosahaulika kuliko yote: maji. Tangi la Julai linajengwa katikati ya ukame, na saruji inataka kunyeshewa asubuhi na jioni, siku 14 kwa uchache, ikiwa imefunikwa kwa magunia yaliyolowa. Kisha tangi lisiachwe tupu mpaka Desemba, maana jua litalipasua. Sentimita 20 tu za maji sakafuni ni lita 2,000, au ndoo 100 za lita 20. Kama bajeti haina mstari wa mikokoteni ya punda, ndoo hizo zitabebwa kichwani na wanawake walewale ambao mradi ulisema unawapunguzia mzigo. Huo ndio mstari wa kwanza ninaoutafuta kwenye bajeti yoyote inayoletwa kwangu.

Gata ziteremke sentimita moja kwa kila mita, na ndoano zikae kila mita moja. Kuhusu kutupa maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege: kwa paa la mita za mraba 160, nusu milimita ya mvua ni lita 80. Kile kibomba cha inchi 4 chenye urefu wa mita moja kinachofungwa pembeni kinabeba kama lita 8. Ni pambo. Tumieni pipa la lita 100 au zaidi, lenye tundu dogo chini la kujimwaga lenyewe.

Malazi: wageni 12, kaya sita, wawili wawili, kamwe si mmoja peke yake. Kaya zichaguliwe kwa choo, kitanda na chandarua, na malipo yawe sawa kwa wote, mkononi mwa mama mwenye nyumba. Zawadi kwa mtoto mmoja mmoja zikatazwe tangu barua ya kwanza. Wageni wafundishwe shikamoo na marahaba, na kwa Wagogo, mbukwenyi. Atakayeingia uwanjani kwa mtu bila salamu hatasaidiwa na ukarimu wake wote. Na waulize Uhamiaji mapema kuhusu kibali: kujitolea ni kazi hata kama hakuna mshahara, na visa ya utalii si ya kazi.

Asilimia 10 ya fedha ya fundi izuiwe mpaka tangi lipite msimu wa kwanza wa mvua. Fundi mzuri hakatai. Anataka tu iandikwe.

Wageni wakishaondoka, ushirikiano unabaki kwenye ujumbe mfupi wa kila mwezi wenye namba tatu: kina cha maji kwa kijiti chenye alama, ndoo zilizochotwa, na fedha za matengenezo zilizopo. Anauandika mwanakamati mwenye ufunguo, si mratibu. Mwaka huo wa kwanza, kuanzia Agosti mpaka Novemba, namba ya kwanza itakuwa ileile, sentimita 20 au pungufu, na ikishuka chini ya 10 mkokoteni wa punda uitwe tena.