Ditekta mpya haioni dhahabu mita tatu chini

Jamani, tangu hii ditekta mpya, mashine ya kutafuta metali ardhini, itangazwe watu hapa Nairobi wanaongea ni kama dhahabu ya Migori iko mfukoni tayari, eti itaona mita tatu chini na ikwambie hii ni dhahabu, hii ni bati. Haiwezi. Koili, ule mduara wa waya chini ya mashine, inatuma nguvu ya sumaku ardhini na jibu linalorudi kutoka kwa metali linadhoofika vibaya kadiri kitu kiko chini, ndio maana sarafu ya bob kumi ikiwa futi moja hivi hata mashine ghali inaisikia kwa shida, kachembe ka dhahabu ndio kabisa. Alafu foili ya sigara inalia karibu sawa na dhahabu ndogo, utachimba takataka mpaka mgongo ulie. Programu mpya ndani ya hii ditekta itachuja kelele za uongo kiasi, hiyo nakubali, lakini usiuze ng'ombe uinunue kabla wachimbaji waijaribu.