Mlenga mishale wa kimataifa ni nani?

Kwa maana ya kwenye karatasi, mlenga mishale wa kimataifa ni mchezaji aliyeteuliwa na chama cha nchi yake kushindana katika mashindano yanayotambuliwa na shirikisho la dunia la mchezo huo, World Archery. Shirikisho hilo liliundwa mwaka 1931 na makao yake yako Lausanne, Uswisi. Maana hiyo ni sahihi, ila haimweleweshi mtu kazi yenyewe ikoje. Ili kuielewa, tuanze na mita 70.

Huo ndio umbali wa Olimpiki. Karatasi ya shabaha ina upana wa sentimita 122, na duara la pointi 10 katikati yake lina sentimita 12.2 tu. Ukisimama mstarini ukanyoosha mkono na njiti ya kiberiti, kichwa cha njiti kinalifunika duara hilo lote na kubaki. Mchezaji anarusha mishale 72 kuelekea hapo, huku upepo ukibadilika na kila mvuto ukimdai nguvu ya kama kilo 20 mgongoni na mabegani. Alama kamili ni 720. Mmarekani Brady Ellison alipata 702 huko Lima mwaka 2019 akaweka rekodi ya dunia, maana yake katika mishale yote 72 alipoteza pointi 18 pekee.

Kwa hiyo jicho kali si jambo la kwanza. Im Dong-hyun wa Korea Kusini aliandika alama 699 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na inajulikana wazi kwamba macho yake yalikuwa dhaifu sana. Ujuzi unaompeleka mtu ngazi hiyo ni kurudia: kusimama vilevile, kushika vilevile, kuvuta hadi kidevuni palepale, kuachia ugwe bila vidole kusita. Kwenye upinde kuna kipande chembamba cha chuma kiitwacho klika, kinacholia pale mshale unapofika mwisho wa mvuto, ili kila mshale uondoke ukiwa umevutwa kwa urefu uleule. Mwendo huo mmoja hurudiwa mara mamia kwa siku, miaka nenda miaka rudi.

Mishale 72 hupanga nafasi tu. Baada ya hapo wachezaji hukutana wawili wawili, na anayeshindwa anarudi nyumbani. Hupigwa seti za mishale mitatu mitatu, mshindi wa seti anapata pointi mbili, sare ni moja moja, na wa kwanza kufika sita anasonga mbele. Kila mshale una sekunde 20. Utaratibu huu ni mkali, na kwa maoni yangu ndio unaoufanya mchezo huu uwe wa moyo zaidi ya mkono, kwa sababu seti moja mbaya inaweza kufuta kazi ya miaka minne. Fainali ya wanaume ya Paris mwaka 2024 ilifika 5–5. Kim Woo-jin wa Korea Kusini na Ellison wakapewa mshale mmoja mmoja, wote wakapiga 10, na Kim akachukua dhahabu kwa sababu mshale wake ulikuwa karibu na kitovu kwa tofauti ya milimita 4.9.

Neno "taaluma" kwa mchezaji wa namna hii linahitaji uangalifu. Nafasi ya Olimpiki ni mali ya kamati ya Olimpiki ya nchi, hata kama ni mishale yako iliyoipata, na nchi inaweza kumpeleka mwingine. Korea Kusini haina huruma hapo: bingwa na chipukizi wote huingia kwenye mchujo mrefu na kuhesabiwa upya. An San alirudi kutoka Tokyo na medali tatu za dhahabu mwaka 2021. Kwenye timu ya Paris hakuwemo.

Huko Korea, makampuni na miji huwa na timu na huwalipa walengaji mshahara. Kwingine wengi hutafuta riziki mahali pengine, na hilo halijawazuia wote. Hiroshi Yamamoto wa Japani alipata shaba Los Angeles mwaka 1984, kisha fedha Athens mwaka 2004, akiwa mwalimu wa sekondari mwenye miaka 41. Khatuna Lorig alizaliwa Georgia, na aliwahi kushindana Olimpiki chini ya bendera tatu: ya timu ya pamoja ya nchi za iliyokuwa Sovieti, ya Georgia, kisha ya Marekani. Neroli Fairhall wa New Zealand alishindana mwaka 1984 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, katika Olimpiki ileile na wengine wote. Ni michezo michache inayompa mtu maisha marefu ya ushindani namna hii.

Kuna pia tawi la upinde wa kompaundi, wenye magurudumu madogo kwenye ncha, unaopigwa mita 50. Kwa miaka mingi wachezaji wake walikuwa na ubingwa wa dunia bila Olimpiki. Mlango unawafungukia Los Angeles mwaka 2028, kwa timu mchanganyiko ya mwanamume na mwanamke.

Kinachomkatiza mlengaji mara nyingi hakionekani kwa mtazamaji. Ni woga wa shabaha. Mchezaji mwenye afya na nguvu zote anapolenga dhahabu, yaani sehemu ya njano katikati ya shabaha, vidole vinagoma kuachia, au vinaachia kabla hajaifikia. Aliyepatwa hushauriwa kurudi mwanzo kabisa. Utamkuta mtu aliyewahi kuvaa jezi ya taifa amesimama hatua chache kutoka ubao mtupu usio na karatasi ya rangi, macho ameyafumba, anavuta na kuachia, anavuta na kuachia, akisikiliza mgongo wake tu.