Kibarua cha maktabani na karatasi yake

Kila Oktoba, vyuo vinapoanza kupokea wanafunzi wapya, napigiwa simu za aina mbili. Wakuu wa maktaba hunitafuta wakiwa na haraka: "Nipatie vijana watatu wa kukaa kaunta mpaka mitihani iishe." Vijana wenyewe, wengi wao wamemaliza Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka Bagamoyo au shahada ya chuo kikuu, hunitafuta wakiwa na shaka: "Nimeitwa maktaba fulani, wanasema ni ajira ya muda. Niende?"

Huwa nawajibu kwa swali: muda gani? Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Anayeshika zamu ya jioni, saa tatu kwa siku, mwaka hadi mwaka, tunamwita wa muda. Anayefanya kazi kutwa kwa miezi minne kisha akaondoka, naye ni wa muda. Mmoja ana saa chache lakini kazi yake haina tarehe ya kwisha. Mwingine ana saa zote, na tarehe anayo. Haki zao zinapishana, hesabu za malipo yao zinapishana, na hata namna maktaba inavyopaswa kuwatumia si moja. Ukikubali kazi bila kujua uko upande upi, utakuja kuujua siku ya kugombana.

Neno lenyewe "kibarua" lina historia inayonifurahisha. Ni barua ndogo. Unguja ya zamani, mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi, na kwa kikaratasi hicho ndipo alipodai ujira wake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika, kisha kwa kazi yenyewe, mpaka leo tunasema kibarua cha fulani kimeota nyasi. Kwa hiyo kibarua wa karne ya 19 alikuwa na maandishi mkononi. Mhitimu wa ukutubi wa leo mara nyingi hana hata ujumbe wa WhatsApp unaosema atalipwa lini.

Baada ya miaka mingi ya kushauri maktaba za vyuo na shule, kipimo changu kimekuwa kimoja: kazi hii ina mwisho? Kuhesabu vitabu vyote rafu kwa rafu kuna mwisho. Kuhamisha kadi za katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, kuziingiza kwenye Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maktaba, kuna mwisho, hata kama ziko maelfu. Kubandika bakodi, kuhamia jengo jipya, kuskani tasnifu za zamani, yote yana siku yatakapoisha. Kaunta ya kuazimisha haina mwisho. Kurudisha vitabu rafuni hakuna mwisho. Kuorodhesha vitabu vipya hakutaisha maadamu maktaba inanunua vitabu. Mkataba wa muda kwenye kazi yenye mwisho ni jambo la haki kabisa. Mkataba wa miezi mitatu mitatu kwenye kaunta, unaoongezwa kwa mwaka wa nne sasa, ni ajira ya kudumu iliyovishwa kanga ya mtu mwingine.

Sheria ya Tanzania Bara inafuata mantiki inayokaribiana na hiyo. (Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na aliyeko huko asome hiyo.) Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mikataba ya aina tatu: usio na kikomo, wa kipindi maalumu, na wa kazi maalumu. Wa kipindi maalumu ulikuwa wa wataalamu na kada ya uongozi tu, na kanuni za 2017 zikaongeza kwamba usipungue miezi 12. Marekebisho yaliyoanza kutumika Februari 2025 yakafungua mlango kwa wasio wataalamu katika hali zilizotajwa, kama vile kazi zinapoongezeka kwa muda, mradi wenye kikomo, kazi za msimu, nafasi inayolipwa na mfadhili wa nje kwa kipindi fulani, na mhitimu anayetafuta uzoefu.

Kwa maktaba, huo mkataba wa tatu ndio wenye manufaa kuliko yote, na ndio unaosahauliwa. Mkuu wa maktaba anayetaka kuhesabu vitabu kwa wiki sita hahitaji kubuni mkataba wa miezi mitatu ambao kanuni hazikuupenda. Aandike mkataba wa kazi maalumu: kuhesabu vitabu vya ghorofa ya kwanza na ya pili, kulinganisha na katalogi, kutoa orodha ya visivyoonekana. Kazi ikiisha, mkataba umeisha, na hakuna wa kulalamika.

Kuna kundi lingine ambalo halina mkataba wowote, nao ni "wanaojitolea". Shule nyingi binafsi na maktaba nyingi za taasisi ndogo zinaendeshwa na watu hawa. Anapewa nauli, anapewa chai, anaambiwa avumilie nafasi itatokea. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikionekana dalili hata moja kati ya kadhaa zilizoorodheshwa, bila kujali mkataba umeitwaje. Dalili mojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Piga hesabu: saa tatu kwa siku, siku nne kwa wiki, ni saa 12. Kwa wiki nne ni 48. Kijana wa zamu ya jioni, yule anayeitwa "msaidizi tu", tayari amevuka mstari. Ndiyo maana nawaambia watunze nakala ya ratiba za zamu, au wapige picha daftari la mahudhurio. Na mkuu wa maktaba asikasirike akiona hivyo, kwani yeye ndiye aliyepaswa kumpa karatasi tangu siku ya kwanza.

Wenzetu wa Kenya wanalo la kwao. Sheria yao ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa haitarajiwi kumalizika ndani ya miezi mitatu, atahesabiwa kuwa ni wa mshahara wa mwezi. Naupenda ufupi wake.

Sasa malipo. Maktaba za vyuo nyingi hufunguliwa mpaka saa nne usiku wakati wa mitihani, na wanaokalishwa zamu hizo ni hao hao wa muda. Kwa sheria yetu, saa zote kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku, na kila saa inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Si fedha nyingi, lakini ni ya mtu. Kuhusu likizo, aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo, isipokuwa wa msimu. Ila kuna kifungu kinachowahusu hasa watu wa maktaba: ukiitwa na mwajiri huyo huyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, tuseme Oktoba kwa usajili na tena wakati wa mitihani, na jumla ya vipindi ikazidi miezi sita, likizo unayo. Na kwa walio sekta binafsi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Mshahara mdogo haufuti mchango, unaupunguza tu.

Nikae kidogo kwenye vitabu vilivyopotea, maana hapo ndipo nimeona machozi. Binti mmoja aliletwa maktaba ya chuo kimoja kwa miezi kadhaa. Alipokaribia kuondoka wakahesabu vitabu, na makumi hayakuonekana. Mwezi wa mwisho hakulipwa hata senti. Hakuna aliyemwuliza lolote. Vitabu vile havikuwa vimehesabiwa kabla yake kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna mwenye akili aliyeweza kusema vilipotea zamu ya nani. Sheria hairuhusu hilo. Mwajiri anayetaka kufidia hasara kwenye mshahara lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, amwandikie sababu na kiasi, ampe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira. Anayelipwa shilingi 400,000 hakatwi zaidi ya 100,000 kwa mwezi, tena baada ya hatua zote hizo.

Upande wa maktaba nao una lawama zake za kubeba, na hapa nazungumza na wakuu wenzangu. Tunapenda kudhani kwamba kazi yetu inaweza kukatwa vipande na kugawiwa yeyote anayejua kutumia kompyuta. Kaunta labda, kwa wiki mbili. Katalogi, hapana. Niliwahi kukuta riwaya za Kiswahili za mwandishi mmoja zimekaa sehemu tatu. Kijana wa kwanza alizipa namba 896.392, ambayo ndiyo ya fasihi ya Kiswahili katika Dewey, mfumo wa namba za kupanga vitabu kwa mada. Wa pili, aliyekuja mwaka uliofuata, akaziweka kwenye fasihi kwa jumla. Wa tatu aliona "bin" katikati ya jina akaliingiza jina kuanzia mwisho, wakati wenzake walianzia mwanzo. Msomaji akitafuta kwenye kompyuta anapata vitabu viwili kati ya saba, anaondoka akiamini maktaba haina. Hakuna kati ya vijana wale watatu aliyekosea kwa uzembe. Kila mmoja alifanya uamuzi wa busara, kisha mkataba ukaisha akaondoka na uamuzi wake kichwani.

Dawa yake ni daftari. Daftari la maamuzi, la karatasi au la kompyuta, linalosema majina ya Waswahili tunayaingizaje, vitabu vya kiada vya matoleo ya zamani tunavifanyaje, tasnifu isiyo na mwaka tunaiandikaje. Anayekuja analisoma asubuhi ya kwanza, anayeondoka anaongeza ukurasa wake. Maktaba isiyo na daftari hilo isiajiri mtu wa muda kwenye katalogi hata wa bure, maana atakayekuja kulipwa kurekebisha ni ghali.

Jambo jingine ni paswedi. Nimeingia maktaba ambayo watu wa zamu watano wanatumia akaunti ya mkutubi mmoja, na karatasi yenye paswedi imebandikwa chini ya kibodi. Faini ikifutwa, nani kaifuta? Koha inaruhusu kila mtu kuwa na akaunti yake na mipaka yake: wa kaunta aazimishe na kupokea, asiweze kufuta rekodi. Akiondoka, akaunti inafungwa siku hiyo hiyo. Namba za simu na anwani za wasomaji zimo humo ndani, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo suala hili limeshatoka kwenye ustaarabu likaingia kwenye wajibu.

Nirudi kwa vijana. Niende au nisiende? Mara nyingi nasema nenda, hasa kama kazi ni ya mradi wenye mwisho, kwa sababu anayejua kuhamisha katalogi ya kadi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta ana kitu ambacho darasani hakukipata. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, cheti peke yake kinafanana na vya wengine wote waliokaa kwenye benchi. Lakini omba maelezo ya maandishi: kazi gani, kuanzia lini, mpaka lini au mpaka kazi gani ikamilike, saa ngapi, ujira kiasi gani na unahesabiwaje. Mwajiri ana wajibu wa kisheria kukupa hayo, si hisani. Siku ya kuondoka, dai cheti cha utumishi, na ukiweza barua ya ziada inayotaja uliyoyafanya: rekodi ngapi uliingiza, mfumo upi ulitumia.

Na kama umekuwa ukiongezewa mkataba mara kwa mara, na umetumika miezi sita au zaidi, kisha ghafla hukuongezewa bila neno, usidhani huna la kusema. Kutokuongezewa, pale ulipokuwa na sababu za msingi za kutarajia, sheria inakuhesabu kama kuachishwa kazi. Sababu hizo uzithibitishe wewe: mikataba ya nyuma, ratiba iliyotolewa ikiwa na jina lako, barua pepe ya kukupangia kazi ya muhula ujao. Mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza ngazi za rufaa ndani ya utumishi wa umma, hivyo ndivyo ilivyo tangu marekebisho ya 2016. Aliyeko sekta binafsi anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ana siku 30 tu tangu kuachishwa. Nimeona wengi wakizimaliza siku hizo nyumbani, simu mkononi, wakisubiri mkuu wa maktaba awaite kama alivyowaita mwaka jana.